Mgonjwa na Tamasha la Muziki: Kusikiliza Ngoma Katika Joto la Kaskazi Bila Kuidhuru Afya

Kila ufikapo mwezi wa Februari, wakati upepo wa kaskazi ungali unavuma na mvua za masika hazijaanza, Mji Mkongwe wa Zanzibar hupokea wageni wengi wanaokuja kuhudhuria tamasha la Sauti za Busara. Tamasha hilo lilianza mwaka 2004, na uwanja wake unaojulikana zaidi ni Ngome Kongwe, jengo lililojengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kuondolewa. Ndani ya kuta zile nene husikika taarabu, kidumbaki, ngoma za bara na za visiwani, pamoja na muziki wa mataifa mengine ya Afrika. Shughuli huanza jioni na kuendelea hadi usiku mkubwa. Wasikilizaji huketi majanini au ngazini, husimama wapendapo, huvuka barabara kwenda kula Forodhani, kisha hurejea. Ni starehe isiyo na haraka, na hiyo ndiyo sababu watu wa rika zote huipenda.

Miongoni mwa wapenzi hao wa muziki wamo wagonjwa wetu. Yumo kijana mwenye selimundu, mama mwenye kisukari, mzee anayetumia dawa za shinikizo la juu la damu na mjamzito wa miezi saba. Kabla ya kufunga safari, wengi wao huuliza kliniki swali moja: je, naweza kwenda? Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe na mtoa huduma anayeulizwa. Tumechukua Zanzibar kuwa mfano, lakini yanayoelezwa hapa yanahusu pia ngoma za kijijini, sherehe za mavuno na kila mkusanyiko wa muziki unaofanyika nje wakati wa joto.

Kwa nini jibu lisiwe katazo

Jibu lililo jepesi kwa mtoa huduma ni kumwambia mgonjwa abaki nyumbani apumzike. Lina sura ya tahadhari, lakini mara nyingi huzaa hatari kubwa zaidi. Kijana mwenye selimundu aliyekwisha kukatazwa mpira, kuogelea na safari za shule hafiki umri wa miaka ishirini akiendelea kuomba ruhusa. Huenda anakotaka kwa siri, bila chupa ya maji, bila dawa zake, na bila rafiki anayejua ana maradhi gani. Akizidiwa, wanaomzunguka hudhani amelewa. Katazo halikumzuia kwenda, limemnyima maandalizi.

Zaidi ya hayo, muziki wa pamoja una faida zake kiafya. Mwaka 2019 Ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya Kanda ya Ulaya ilichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Mapitio hayo yalionyesha kuwa kuimba, kucheza na kuhudhuria shughuli za sanaa vinahusiana na nafuu katika msongo wa mawazo, katika afya ya akili na katika maisha ya wenye magonjwa ya kudumu. Mtu anayeishi na ugonjwa usiopona huishi pia na upweke unaoandamana nao, na upweke hautibiwi kwa vidonge. Marehemu Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliendelea kupanda jukwaani na kuimba katika uzee wake mkubwa, hadi karibu na kifo chake mwezi Aprili 2013. Hatumtaji kuwa ushahidi wa kitabibu. Tunamtaja kwa sababu wazee wengi wanaokuja kliniki wanamkumbuka, nao wanajua kwamba uzee peke yake si sababu ya kukaa mbali na ngoma.

Kwa hiyo, kwa wagonjwa walio wengi, jibu linalofaa ni kwamba waende, ila wajue hatari zilipo. Hatari hizo ni chache na zinaeleweka: joto, upungufu wa maji, dawa zilizosahaulika, kelele, chakula na mbu.

Mwili unavyopambana na joto

Joto la ndani ya mwili hukaa karibu na nyuzi 37 za Selsiasi. Likizidi, sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi huamuru mambo mawili. Kwanza, mishipa ya damu ya ngozi hutanuka ili damu yenye joto ifike karibu na hewa. Pili, tezi za jasho huanza kazi. Jasho lenyewe halipoozi mwili. Kinachopooza ni kukauka kwake. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa takriban kilokalori 580 za joto. Jasho linalodondoka chini kabla ya kukauka humpunguzia mtu maji bila kumpooza.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kaskazi mwambaoni. Mchana wa Februari Zanzibar hufika kiasi cha nyuzi 32 au zaidi, na hewa yake ina unyevu mwingi. Joto la nyuzi 32 likiungana na unyevu wa asilimia 70, mwili huhisi kama uko katika joto la nyuzi 40 hivi. Ndani ya uwanja uliozungukwa na kuta nene, wenye watu waliosongamana mbele ya jukwaa, upepo wa bahari haufiki vyema, na mawe yaliyopigwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa joto baada ya magharibi. Ndiyo maana mtu anaweza kuzidiwa na joto usiku, wakati jua limekwisha kutua.

Mwili huzoea joto, lakini kuzoea huko huchukua siku 7 hadi 14. Mkazi wa Unguja amekwisha kuzoea. Mgeni aliyetoka Mbeya, Njombe au Arusha, au aliyeacha baridi ya Ulaya siku iliyotangulia, bado. Mgeni wa namna hiyo asicheze ngoma saa mbili mfululizo usiku ule ule wa kufika kwake. Akae pembezoni penye upepo, acheze kidogo, apumzike, na aongeze siku ya pili.

Mavazi yawe mapana, mepesi na ya pamba. Kanga na vitenge vyepesi vinafaa sana. Anayevaa baibui achague kitambaa chepesi, na nguo ya ndani isiwe ya nailoni inayonasa jasho. Kanga iliyoloweshwa maji na kuwekwa shingoni au mabegani husaidia kweli, kwa kuwa maji yake hukauka badala ya jasho.

Maji: kiasi gani, na kwa nini yasizidi

Anayecheza au kutembea sana katika joto anywe kiasi cha glasi moja, yaani mililita 200 hadi 250, kila baada ya dakika 15 au 20. Anayeketi anahitaji pungufu ya hapo. Wazee wasingoje kiu, kwa sababu hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyosogea. Kahawa ya vikombe vidogo haina madhara makubwa. Pombe ina madhara: huongeza mkojo, hutanua mishipa, na humfanya mtu asitambue kuwa anazidiwa.

Maji nayo yana kipimo. Mtu asinywe zaidi ya lita moja na nusu kwa saa. Anayekunywa maji matupu kupita kiasi huku akitoka jasho jingi huishusha sodiamu katika damu, na ubongo ukavimba. Dalili zake ni kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa na hata degedege, ilhali joto la mwili si kubwa. Kumwongezea maji mtu wa namna hii ni kumzidishia ugonjwa. Kwa aliyetoka jasho kwa saa nyingi, ni vyema kubadilishana maji na chakula chenye chumvi, au kunywa ORS. Pakiti za ORS zikikosekana, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mchanganyiko huu usitumiwe na mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo bila ushauri.

Watu wengi wamefundishwa kutazama rangi ya mkojo: ukiwa mweupe, maji yanatosha, ukiwa wa njano iliyokolea, ongeza. Kanuni hiyo ni nzuri kwa mtu mzima wa afya, lakini inawadanganya watu wa aina tatu. Figo za mwenye selimundu hupoteza mapema uwezo wa kuukoleza mkojo, hivyo mkojo wake huwa mweupe hata maji yanapopungua mwilini. Mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa hutoa mkojo mwingi mweupe kwa sababu sukari huvuta maji. Na anayetumia dawa za kuongeza mkojo huona rangi inayotokana na dawa. Hawa watatu wanywe kwa saa na kwa kipimo walichokubaliana na kliniki.

Ushauri kwa kila ugonjwa

*Selimundu.* Maji yanapopungua, himoglobini ya selimundu hukolea ndani ya chembe nyekundu, hushikamana, na chembe hugeuka umbo na kuziba mishipa midogo. Huo ndio mwanzo wa maumivu makali. Joto la jioni likifuatiwa na upepo wa baharini usiku wa manane juu ya nguo zilizolowa jasho, ngozi hupoa ghafla, na baridi hiyo nayo huamsha maumivu. Mgonjwa abebe maji, nguo kavu ya kubadilisha, dawa zake za kila siku na dawa ya maumivu aliyozoea. Akipata homa, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, asisubiri wimbo umalizike. Aende hospitali saa ile ile.

*Kisukari.* Kucheza hushusha sukari, na joto huharakisha kufyonzwa kwa insulini kutoka chini ya ngozi. Dalili za sukari kushuka, yaani jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, hufanana mno na dalili za joto. Mgonjwa abebe kipimo chake, apime kabla ya kwenda na katikati ya usiku, na awe na peremende au juisi mfukoni. Juisi ya miwa ya Forodhani ni tiba nzuri kwa sukari iliyoshuka, lakini ni mzigo kwa sukari iliyo juu; apime kwanza ikiwezekana. Insulini isiachwe garini wala juani. Chungu cha udongo chenye maji, kikiwa kivulini, huihifadhi vyema penye kukosa jokofu. Insulini isigusane na barafu, kwani ikiganda imeharibika hata kama imeyeyuka tena.

*Shinikizo la juu la damu na moyo.* Joto hutanua mishipa, na dawa hushusha shinikizo. Viwili hivyo vikikutana, mzee aliyesimama ghafla kutoka majanini anaweza kuanguka. Ainuke kwa hatua: aketi wima, achezeshe miguu, kisha asimame akishika kitu. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Anayetumia dawa za kuongeza mkojo amwone daktari wiki moja kabla, ili saa au kipimo cha dawa kiangaliwe. Mwenye moyo uliodhoofika na aliyewekewa kiwango cha maji aulize mapema aongeze kiasi gani siku za joto, na ajipime uzito kila asubuhi.

*Dawa zinazozuia mwili kupoa.* Baadhi ya dawa hupunguza jasho au huvuruga udhibiti wa joto. Miongoni mwazo ni amitriptilini, klopromazini na dawa nyingine za maradhi ya akili, pamoja na dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi. Anayetumia lithiamu ana hatari ya pekee: maji yakipungua, lithiamu hupanda katika damu na kuwa sumu. Wagonjwa hawa wakae penye upepo, wapumzike mara kwa mara, na waende na mtu anayewafahamu.

*Kifafa na tiba za saa maalumu.* Taa zinazomulika kwa kasi huamsha kifafa kwa wagonjwa wachache. Kinachowaangusha walio wengi zaidi ni kukosa usingizi na kusahau kidonge cha usiku. Muziki unaokwisha baada ya saa sita usiku huvuruga ratiba ya kila mwenye dawa ya saa maalumu, wakiwemo wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Dawa iwekwe katika kikopo kidogo mfukoni na kengele ya simu itegwe. Mgonjwa asitegemee kuikumbuka atakaporudi nyumbani.

*Pumu.* Moshi wa makaa ya mishikaki ni mtamu puani na mkali kifuani. Mgonjwa akae upande upepo unakotoka, na dawa ya kuvuta iwe mkononi, isiachwe hotelini.

*Ujauzito.* Mjamzito hupata joto upesi na huhitaji maji zaidi. Akae karibu na njia ya kutokea na vyoo, aepuke msongamano wa mbele ya jukwaa, na aache mara moja apatapo kizunguzungu, maumivu ya tumbo au damu. Asipunguze maji kwa kuogopa foleni ya choo. Wanawake wengi hufanya hivyo, na maambukizi ya njia ya mkojo hufuata.

*Watu wenye ualbino.* Februari jua la Zanzibar hukaribia kuwa utosini adhuhuri, na mionzi yake ni mikali hata mawingu yakiwepo. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni lazima kwa maandamano ya mchana na maonyesho ya jioni ya mapema. Huko Moshi hutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mafuta hupakwa upya kila baada ya saa mbili na kila baada ya jasho jingi.

Masikio hayana akiba

Udi, kanuni na fidla vikipigwa bila vipaza sauti havimdhuru msikilizaji. Siku hizi, hata hivyo, muziki wa asili nao hupitia spika kubwa, na sikio halitofautishi wimbo mzuri na kelele ya mashine. Kila sikio lina takriban seli 15,000 zenye vinyweleo ndani ya koklea. Seli hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara ya neva, na kwa binadamu zikifa hazioti tena.

Kwa kanuni za taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, sauti ya desibeli 85 huvumilika kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hupungua kwa nusu: desibeli 88 saa 4, desibeli 91 saa 2, desibeli 94 saa moja, na desibeli 100 dakika 15 tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango kwa kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100 katika dakika 15, wasikilizaji wapatiwe vizibo vya masikio, na pawepo mahali patulivu pa kupumzisha masikio. Waandaaji wa matamasha yetu wangefanya vyema kuvifuata, kwani gharama yake ni ndogo.

Msikilizaji mwenyewe ana kinga tatu. Ya kwanza ni umbali: penye uwazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli 6 hivi, ingawa ndani ya kuta upungufu huo ni mdogo zaidi. Ya pili ni mapumziko. Ya tatu ni vizibo vya sponji, ambavyo hufinyangwa vikawa vyembamba, sikio likavutwa juu na nyuma, kizibo kikaingizwa na kushikiliwa mpaka kitanuke. Pamba ya kawaida haitoshi. Watoto wavalishwe vifuniko vya masikio, na wasiketishwe karibu na spika. Waliowahi kuchomwa sindano za gentamisini, kanamisini au streptomisini, kama ilivyokuwa kwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu, wana masikio yaliyo dhaifu zaidi. Vizibo kwao si anasa. Mvumo masikioni baada ya muziki ni onyo. Usipokwisha siku ya pili, au sikio likiziba ghafla, mgonjwa aende akapimwe bila kuchelewa.

Chakula, mikono na mbu

Urojo, mishikaki na chapati za Forodhani ni sehemu ya sherehe. Kanuni ni nyepesi: kile kilichopikwa sasa hivi mbele yako na kingali cha moto kina usalama mkubwa. Chatne, saladi, samaki waliokaa wazi tangu jioni na barafu isiyojulikana ilikotoka vina hatari. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Mwenye kuharisha asiende tamashani, wala asiuze chakula.

Mbu wa dengi huuma mchana na jioni. Mbu wa malaria huuma usiku. Mhudhuriaji wa tamasha hukutana na wote wawili. Nguo ndefu nyepesi na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu vinatosha kwa saa za uwanjani, na chandarua kinamngoja aendako kulala.

Mtu akizidiwa: kwa watoa huduma na walio karibu

Uchovu wa joto huonekana kwa jasho jingi, udhaifu, kichefuchefu, kichwa kuuma na kizunguzungu, lakini akili ya mgonjwa iko timamu. Mtoe kwenye msongamano, mlaze, inua miguu, legeza nguo, mlowanishe na mpe maji au ORS kidogo kidogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, apelekwe kituo cha afya.

Kiharusi cha joto ni jambo jingine. Hapa joto la ndani limepita nyuzi 40 na akili imeguswa: mgonjwa anaweweseka, anafanya vurugu, anayumba, anapata degedege au amezimia. Ngozi yaweza kuwa kavu, na yaweza pia kuwa na jasho. Kuwepo kwa jasho kusimfanye mtoa huduma atulie. Kila dakika inayopita inaharibu ubongo, ini, figo na misuli. Kanuni ni moja: pooza kwanza, safirisha baadaye. Ita msaada, kisha mvue nguo za nje, mmwagie maji mwili mzima bila kukoma na mpepee kwa nguvu kwa pepeo la ukili, kanga au feni. Beseni kubwa au turubai lenye maji baridi ambamo mwili unazamishwa kichwa kikiwa nje hufaa zaidi kwa kijana aliyezidiwa akicheza. Barafu iliyofungwa kitambaani iwekwe shingoni, kwapani na kinenani. Kusudi ni kulishusha joto chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa.

Usimnyweshe aliyezimia. Usimpe parasetamoli wala aspirini. Joto hili halikutoka kwenye chanzo kinachotibiwa na dawa hizo, nazo zaweza kuliumiza ini na damu vilivyokwisha kuathirika. Kipimo cha kwapani hudanganya, hasa ngozi ikiwa imelowa. Joto la ndani hupimwa kwa njia ya haja kubwa. Kila aliyechanganyikiwa apimwe sukari papo hapo, na iliyo chini itibiwe. Aliyekunywa maji mengi, ana joto la kawaida na anatapika ashukiwe sodiamu kushuka, asipewe maji zaidi, na apelekwe hospitali. Tusiseme "amelewa" mpaka yote hayo yameangaliwa.

Homa inayokuja baada ya tamasha

Wiki mbili zinazofuata, vituo hupokea watu wanaosema wamepigwa na jua. Joto la uwanjani halisababishi homa siku ya tano. Homa hiyo ipimwe malaria, awe mgonjwa ni mwenyeji au mgeni. Malaria kwa kawaida huchukua siku 7 au zaidi tangu mtu kuumwa na mbu. Kwa hiyo homa ya siku ya pili, ikithibitika kuwa malaria, ilianzia kabla ya safari, na taarifa ya mahali mgonjwa alikotoka ni muhimu kwa Zanzibar, ambako maambukizi ya wenyeji yameshushwa sana. Dengi hutokea siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa. Inaposhukiwa, parasetamoli hutumika. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huepukwa kwa kuwa huongeza hatari ya kutoka damu. Kuharisha maji mengi yanayofanana na maji ya mchele kutolewe taarifa mara moja, wala kusisubiri majibu ya maabara ndipo mgonjwa arudishiwe maji.

Mazungumzo ya wiki moja kabla

Ndugu mtoa huduma, mgonjwa akiuliza kuhusu tamasha, dakika kumi zinatosha. Pitia naye dawa moja moja na saa zake. Kubalianeni kiasi cha maji. Mweleze dalili mbili au tatu ambazo kwa ugonjwa wake zina maana ya kuondoka uwanjani. Mwandikie kikaratasi chenye jina la ugonjwa, dawa, mzio na namba ya simu ya ndugu, kikae katika mfuko wa nguo aliyovaa. Muulize anakwenda na nani, na umwombe amweleze huyo mwenzake ukweli.

Nawe ndugu mgonjwa, uliza swali lako mapema, kabla ya kukata tiketi. Usifiche kwamba unapenda ngoma. Ukifika uwanjani, tafuta mahali pa huduma ya kwanza kabla ya kutafuta mahali pa kuketi, na ujue njia ya kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambayo haiko mbali na Ngome Kongwe. Kisha tandika kanga yako, weka chupa ya maji kando, na usikilize.